Anga la Kitabuni na Anga la Msambweni: Historia Fupi ya Kuwafundisha Watoto Elimu ya Nyota katika Pwani ya Kusini ya Kenya

1. Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya watoto katika Kiswahili umeshughulikia kwa kiasi kikubwa ngano, hekaya na hadithi za wanyama. Vitabu vya picha vinavyofundisha maarifa ya ulimwengu vimeachiwa walimu wa sayansi, kana kwamba havina msimulizi wala msomaji kusudiwa. Makala haya yanachunguza tawi moja la vitabu hivyo, yaani vile vinavyowaeleza watoto wa shule za msingi habari za jua, mwezi na nyota. Mahali palipozingatiwa ni Pwani ya Kusini ya Kenya, kuanzia Diani hadi Gazi, Msambweni na Shimoni. Hoja inayotetewa ni kwamba kila picha ya anga imechorwa kutoka mahali fulani. Mtoto wa Kwale amefundishwa kwa muda mrefu kusoma anga linaloonekana kwingine, na majina aliyopewa ya kulitajia yalivurugika njiani.

2. Elimu ya nyota kabla ya kitabu cha picha

Shule haikumkuta mtoto wa pwani akiwa mjinga wa anga. Wakulima waliutazama Kilimia, kundi la nyota ambalo jina lake lenyewe limetokana na kitenzi kulima, na methali inayohusisha kuzama na kuzuka kwake na jua na mvua ilihifadhi kanuni ya majira katika sentensi moja. Mwaka wa jua wa Waswahili ulianza kwa Nairuzi na kuhesabiwa kwa makumi ya siku, ukawaongoza wakulima na mabaharia, ilhali miezi ya ibada ilifuata mwandamo. Wadigo, kama Wamijikenda wengine, walikuwa pia na juma lao la siku nne.

Madrasa nayo ilikuwa darasa la falaki. Mtoto aliyelelewa karibu na Msikiti wa Kongo, penye mlango wa mto Mwachema huko Diani, alijifunza kwamba adhuhuri huingia jua linapopinduka na kwamba alasiri hupimwa kwa urefu wa kivuli. Wavuvi walimfunza kwamba bamvua hufuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na maji mafu hufuata mwezi nusu. Mtoto aliyekwenda mwambani kutafuta pweza hakuhitaji kuambiwa kwamba mwezi na bahari vina uhusiano. Alihitaji tu kuambiwa sababu yake. Elimu hii ilikuwa ya vitendo kabla istilahi hiyo haijaingia katika vitabu vya ualimu.

3. Picha na mahali pa mtazamaji

Kitabu cha picha kilichotungwa Ulaya au Marekani humfikiria msomaji anayeishi mbali kaskazini mwa ikweta. Uteuzi huo si kosa kwa msomaji wake wa kwanza. Tatizo huzuka picha zinapohamishwa pamoja na matini, mfasiri akabadili maneno na kuliacha anga lilivyo.

Mifano mitatu inatosha. Kwanza, hilali ya vitabuni husimama wima, upande wake mmoja ukiwa umeng'aa. Msambweni iko karibu nyuzi nne na nusu kusini mwa ikweta, na huko hilali ya magharibi mara nyingi hulala chali kama dau. Pili, vitabu humfundisha mtoto kutafuta Nyota ya Kaskazini ili ajue njia. Nyota hiyo haionekani kamwe Kwale, kwa kuwa iko chini ya upeo wa macho. Tatu, mzunguko wa dunia huelezwa kwa majira manne, theluji ikiwa alama ya mojawapo. Mtoto wa Diani anajua kaskazi na kusi, masika na vuli. Anapoulizwa kueleza athari ya mwinamo wa dunia, hulazimika kukariri theluji asiyoiona na kuuacha upepo anaousikia.

Kwa mtazamo wa uhakiki, hapa pana pengo kati ya msomaji kusudiwa na msomaji halisi. Athari yake haiishii katika kukosa alama za mtihani. Mtoto anayeona kitabu kikipingana na macho yake huweza kuamua kwamba macho yake ndiyo yenye kasoro, na uamuzi huo ni adui wa sayansi.

4. Majina ya sayari na lugha mbili za darasani

Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima na la kutahiniwa. Sayansi katika madarasa ya juu ilifundishwa kwa Kiingereza. Sayari, kwa hiyo, zilikuwa na maskani mawili: katika sayansi zilikuwa vitu vinavyozunguka jua, na katika Kiswahili zilikuwa orodha ya msamiati wa kukaririwa.

Orodha hiyo ina historia ya kusikitisha. Katika vitabu kadhaa vya Kiswahili vya shule za msingi nchini Kenya, Mercury huitwa Zebaki, Saturn huitwa Sarateni, Neptune huitwa Kausi na Pluto huitwa Utaridi. Asili ya maneno hayo katika Kiarabu inasema mengine. Utaridi ni sayari iliyo karibu zaidi na jua. Zebaki ni metali ya majimaji, na imeingia katika orodha kwa sababu Kiingereza huitaja metali na sayari kwa jina moja. Sarateni na Kausi ni buruji, yaani makundi ya nyota yanayoitwa Kaa na Mshale. Saturn ilikwisha kuwa na jina lake la kale, Zohali. Neptune iligunduliwa mwaka 1846 na Pluto mwaka 1930, hivyo falaki ya kale haikuwa na majina yake.

Sayari ya kwanza ikatupwa hadi ya tisa. Mwaka 2006 Muungano wa Kimataifa wa Astronomia ulipoiondoa Pluto katika hesabu ya sayari, mwanafunzi aliyeagizwa kufuta jina la mwisho alifuta Utaridi, jina lililodumu kwa karne nyingi katika falaki ya Waislamu. Mtoto huyohuyo huenda alilisikia madrasani likiwa na maana yake sahihi.

5. Vitendo kama uhakiki wa picha

Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa kitaifa mwaka 2019, unasisitiza kujifunza kwa kutenda. Katika Pwani ya Kusini vifaa vya kutendea vipo bila gharama. Kijiti kilichosimikwa wima mchangani hupoteza kivuli chake mara mbili kwa mwaka, katika wiki ya pili ya Machi na wiki ya kwanza ya Oktoba, muda mfupi baada ya saa sita mchana, jua linapopita utosini. Jambo hilo haliwezekani London. Darasa linaweza kuchora mwezi kwa siku ishirini na tisa, na kando ya kila mchoro kuandika maji yalipofika. Chungwa na kurunzi vitaonyesha kwa nini hilali ya Kwale hulala, mtoto akiinamisha kichwa mithili ya mtazamaji wa kaskazini.

Daftari la namna hiyo ni kitabu cha picha ambacho mtunzi wake na msomaji wake wako mahali pamoja. Likiwekwa kando ya kitabu kilichochapwa, humwezesha mtoto kuuliza swali la kihakiki: aliyechora alisimama wapi?

6. Hitimisho

Historia iliyoelezwa inaonyesha kwamba umaskini wa elimu ya nyota shuleni haukutokana na uhaba wa maarifa wala wa msamiati. Ulitokana na kutenganishwa kwa mzee, madrasa, somo la Kiswahili na somo la sayansi, kila mmoja akilitaja anga peke yake. Wahariri wa vitabu vya watoto wanapaswa kumwita mwanafalaki wa msikitini na mvuvi wa Gazi kabla ya kuidhinisha mchoro, na wanaisimu wanapaswa kuirejesha Utaridi karibu na jua. Wahakiki nao wanapaswa kuvisoma vitabu hivi kwa makini yaleyale yanayotumiwa kusoma riwaya, kwa kuwa ndivyo vinavyomfunza mtoto kwa mara ya kwanza kama aamini maandishi au macho yake.