Chuma gani?

Ukipitia matangazo ya Marekani ya magitaa yaliyotumika, neno "chuma" litakuchezea shere. Chini ya kichwa kimoja utakuta gitaa la kawaida lenye nyuzi za chuma, la kampuni ya National lenye mwili wa chuma, na lile la kupakata mapajani. Gitaa la chuma la pedeli ni jingine kabisa: limesimama kwa miguu yake kama meza, na chuma kinachotajwa ni kipande anachoshika mpigaji na kukitelezesha juu ya nyuzi. Mimi ningeliita gitaa la kipande, lakini nani atanisikiliza?

Halafu, kwenye matangazo ya gitaa hili la pedeli, zinakuja herufi. "D-10, 8x5" si vipimo vya ubao. D ni shingo mbili, kila moja nyuzi 10. 8 ni pedeli za miguuni, 5 ni nyenzo zinazosukumwa kwa magoti. S ni shingo moja. SD ndiyo mtego: mwili wenye upana wa shingo mbili, lakini shingo ni moja tu, na nafasi iliyobaki imewekewa mto wa kuegemeza mikono. Muuzaji asiyejua hili huona upana, akaandika D. Hata nambari zake usiziamini tu: mwombe picha ya upande wa chini, uhesabu nyenzo mwenyewe.