Umbali na Dohani: Kulinganisha Vikundi vya Wakazi wa Katanga

Mji wa Élisabethville, uitwao Lubumbashi tangu mwaka 1966, ulianzishwa mwaka 1910, na mwaka uliofuata kiwanda cha Union Minière kikaanza kuyeyusha shaba kando ya mto Lubumbashi. Kambi za wafanyakazi zilijengwa karibu na kiwanda, na baina ya mtaa wa Wazungu na ule wa Waafrika ukaachwa ukanda wa ardhi tupu. Kwa hiyo umbali wa nyumba na dohani haukuwa jambo la bahati. Uliamuliwa na utawala wa kikoloni.

Umbali huohuo ulikuja kuwa kipimo cha kisayansi. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven, miongoni mwao Célestin Banza Lubaba Nkulu na Benoit Nemery, walichapisha matokeo ya kupima metali katika mkojo wa wakazi wa Katanga. Waliwalinganisha watu waishio chini ya kilomita 3 kutoka migodini na viwandani, waishio kati ya kilomita 3 na 10, na wengine waishio zaidi ya kilomita 400. Kobalti ilikuwa nyingi mno kwa waliokaa karibu, hasa watoto.

Vipimo vya aina hii vina tabia moja: watu wachache huwa na kiasi kikubwa kupita kiasi, nao huuvuta wastani wa kikundi kizima. Baadhi ya wataalamu hutumia logi. Njia nyingine ni kuviacha viwango vyenyewe na kuhesabu nafasi. Frank Wilcoxon, mkemia wa Marekani, aliipendekeza mwaka 1945 kwa vikundi viwili. Mwaka 1952 William Kruskal na Allen Wallis wa Chuo Kikuu cha Chicago wakaipanua kwa vikundi vingi. Watu wote hupangwa katika mstari mmoja, kuanzia mwenye kiasi kidogo hadi mwenye kingi, bila kujali kikundi. Wanaolingana hugawana nafasi. Kisha wastani wa nafasi za kila kikundi hulinganishwa. Kwa vikundi vitatu vyenye watu wa kutosha, jawabu likizidi 5.99, tofauti huhesabiwa kuwa ya kweli katika kiwango cha 0.05. Jaribio halisemi ni kikundi kipi kilichotofautiana. Hilo hutafutwa baadaye, kikundi kwa kikundi.

Njia hii ni ya haki, lakini ina ubaridi wake: mtoto mwenye kobalti mara 100 ya jirani yake humpita kwa nafasi moja tu.

Sharti gumu zaidi ni lile la uhuru, nalo husahauliwa mara nyingi. Ndugu wanne wa ua mmoja, wanywao maji ya kisima kimoja na kuvuta vumbi moja, si mashahidi wanne kamili. Mtafiti anayewahesabu kana kwamba hawajuani atakuwa na uhakika kuliko data yake inavyomruhusu.