Tope la RN4 na waoshaji wa pikipiki: kazi ya kijitoni Niania ilitoka wapi

Niania ni njiapanda. Barabara ya Kitaifa namba 4, ile watu wanaiita RN4, inatoka Kisangani, zaidi ya kilomita 300 upande wa magharibi, inapita Bafwasende na kuingia Niania. Kisha inaendelea hadi Epulu, Mambasa na Komanda, na pale Komanda msafiri anachagua: Bunia au Beni. Njia nyingine inapanda kaskazini kuelekea Wamba na Isiro. Pikipiki inayosimama Niania imebeba udongo wa barabara hizo, mwekundu na mzito, kutoka matairi hadi chini ya kiti. Na mahali ambapo motari anasimama kula, kulala na kungoja mzigo, pale pale kuna kijana mwenye ndoo na brashi anayemwuliza kama aoshe.

Wengi wanaona hiyo ni kazi ya kupitisha siku tu. Lakini ina historia yake, na mtu akiifuata anakutana na barabara, vita na zahabu ya Ituri.

Wakati wa Wabelgiji, pikipiki katika msitu huu ilikuwa kitu cha wamisionari, wakubwa wa serikali na watu wa makampuni. Iliyooshwa ilioshwa na boi wa nyumbani, bila bei ya peke yake. Barabara yenyewe ilitunzwa na makantonye, watu wa vijiji vilivyopangwa kando ya njia, kwa majembe na vikapu. Baada ya uhuru mwaka 1960 kulikuja uasi wa Simba mwaka 1964, kisha Zairianisation ya Mobutu mwaka 1973, na polepole matunzo hayo yakapotea. Mitaro ikaziba, madaraja ya miti yakaoza. Lori likawa linalala kwenye shimo siku nyingi, na watu wakijifunza kupika chini yake.

Lori likishindwa, baiskeli ndiyo ilipita. Wakati wa vita vya 1998 hadi 2003 mizigo mingi ya msitu huu ilitembea juu ya baiskeli zinazosukumwa kwa miguu: mafuta ya mawese, chumvi, nguo, sabuni. Kisangani, mji uliopigwa mabomu siku sita mwezi Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana humo, watu walibebwa kwa baiskeli zilizoitwa toleka, neno la Kilingala linalomaanisha twende, tupite. Upande wa mashariki, Uganda, jambo hilo lilianza mapema zaidi: bodaboda zilikuwa baiskeli za mpakani Busia tangu miaka ya 1960, kabla hazijawa pikipiki. Kwa hiyo motari wa leo amerithi kazi ya mtu wa baiskeli, tena karibu kwa njia zile zile.

Miaka hiyo barabara ya Niania haikuwa ya biashara tu. Mwezi Oktoba 2002 wapiganaji wa MLC na RCD-N waliingia Mambasa katika operesheni waliyoiita kwa Kifaransa Effacer le tableau, yaani kufuta ubao. Familia nyingi za Mambasa bado zinahesabu miaka kuanzia hapo. Mwisho wa Desemba mwaka ule mkataba wa kusimamisha mapigano ulitiwa sahihi Gbadolite, na katikati ya mwaka 2003 serikali ya mpito ikaanza kazi Kinshasa.

Amani ile, hata ikiwa nusu, ndiyo iliyoleta pikipiki kwa wingi. RN4 ilifunguliwa tena kwa msaada wa Benki ya Dunia, na mashine zikaingia kupitia Uganda na maduka ya Butembo, ambako wafanyabiashara walikuwa tayari wamezoea kuagiza vitu Dubai na China. Zikaja Senke za China, zikaja TVS na Bajaj Boxer za India. Bei yake ilikuwa ya mtu aliyeuza mazao au zahabu kidogo, si ya mkubwa wa ofisi. Na zahabu ilikuwepo: ukanda wa Ngayu, kati ya Niania, Wamba na Bafwasende, unajulikana kwa zahabu tangu zamani, na machimbo mengi hayafikiki kwa gari. Pikipiki inafika. Inapeleka mchele, bia, mazuti ya pampu na wachimbaji wenyewe, na inarudi ikiwa na rangi ya shimo.

Hapo ndipo kuosha kukawa kazi ya kulipwa. Motari mwenye pikipiki yake aliosha mwenyewe, siku za mwanzo. Lakini nyingi zilikuwa za tajiri mmoja aliyempa kijana aendeshe kwa hesabu ya kila siku au kila juma, na tajiri huyo anapokuja kuchukua hesabu anaangalia mashine kwanza. Ikiwa chafu anaamini imetumiwa vibaya. Abiria naye hataki kuweka nguo yake safi juu ya kiti chenye tope. Motari aliyelala saa tano tu hana nguvu ya kusugua, kwa hiyo anamlipa mwingine.

Wasiojua wanasema kuosha ni urembo. Si kweli, na hapa inafaa kusimama kidogo. Pikipiki hizi za ukubwa wa 100 hadi 125 zinapozwa na upepo. Mashine yake ina mapezi ya chuma pembeni, na upepo ukipita katikati ya mapezi hayo unaondoa moto. Tope la RN4 likikauka humo linakuwa kama tofali la kuchoma: upepo haupiti, mashine inachemka, mafuta yanapoteza nguvu yake, na pistoni inaanza kukwaruza. Kwenye mnyororo udongo uliochanganyika na mafuta unakuwa msasa unaokula meno. Ndani ya breki za ngoma mchanga unamaliza vipande vya breki kabla ya wakati. Motari anayekwepa bei ya kuosha, fundi atamdai zaidi.

Mwoshaji mzuri anajulikana kwa anachokataa kufanya. Hamwagii maji mashine iliyofika sasa hivi. Anaiacha ipoe, maana chuma cha moto kikipigwa na maji ya baridi kinaweza kupasuka, na mpira wake unaharibika. Anaziba bomba la moshi kwa kitambaa. Hatupi maji kwa nguvu chini ya kiti, kwenye betri na kisafisha hewa. Anaanza kwa kulowesha tope ili lilegee, halafu kijiti kwenye mapezi, brashi ngumu kwenye rimu na spoku, kitambaa laini kwenye tangi ili rangi isichubuke. Mnyororo unapata mazuti kidogo na brashi ya meno ya zamani, unafutwa, kisha unapata mafuta mapya. Mwisho anakanyaga breki mara kadhaa ili zikauke. Na macho yake yanafanya kazi wakati wote: spoku iliyokatika, nati iliyolegea, mafuta yanayovuja. Mara nyingi yeye ndiye anayeona kabla ya fundi, na motari anayemwamini kwa hilo hapeleki mashine yake kwa mwingine.

Wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kufika pia wilaya ya Mambasa, wasafiri walisimamishwa kwenye vizuizi kunawa mikono kwa maji ya klorini na kupimwa joto. Zaidi ya watu 2,200 walikufa katika mlipuko ule, Kivu Kaskazini na Ituri kwa jumla. Motari alikuwa amebeba wagonjwa bila kujua. Tangu hapo wako waliozoea kuosha pia kiti na mishikio kwa sabuni baada ya kubeba mgonjwa, desturi ambayo ingefaa kubaki hata leo hakuna kizuizi cha kuilazimisha.

Kisha kuna waliokimbia. Tangu 2017 vita vya Djugu, na baadaye mashambulizi ya ADF ndani ya Irumu na Mambasa, vimehamisha watu mara nyingi, na hali ya kuzingirwa iliyoanza tarehe 6 Mei 2021 haikumaliza kuhama huko. Anayefika mahali pageni hana shamba, na hata akipewa kipande anaogopa kwenda mbali msituni. Duka linataka mtaji. Kuosha pikipiki kunataka ndoo, brashi, kitambaa na sabuni ya unga ambayo muuza duka anaweza kukopesha hadi jioni. Kwa hiyo mtu aliyekimbia, akiwa na mikono tu, anaweza kuingia kazi hii siku ya pili. Wenyeji walioianza wanaona wageni wanashusha bei, na ugomvi unazuka. Ugomvi huo ni wa kweli na haufai kufichwa. Unatulia pale wanapokubaliana bei moja na zamu, na kila mmoja akibaki na wamotari wake.

Linaloumiza zaidi ni watoto. Elimu ya msingi katika shule za serikali ni ya bure tangu Septemba 2019, lakini mtoto aliyeshika pesa ya ndoo mbili asubuhi anachelewa darasani, kisha hachelewi tena: haendi kabisa. Mzazi wa kambini anayengoja unga wa jioni hana nguvu ya kumkaripia. Baadhi ya waoshaji wakubwa wanawafukuza watoto hadi saa sita mchana. Kwa sasa hiyo ndiyo sheria yenye nguvu zaidi mtoni.

Na kuna maji yenyewe. Kijito kinachoosha pikipiki ndicho ambacho chini yake mama mwingine anachota maji ya kupikia, hasa mahali ambapo waliokimbia wamejenga vibanda bondeni. Sheria ya maji ya Kongo, ya tarehe 31 Desemba 2015, inalinda maji ya kunywa, lakini sheria iko Kinshasa na mazuti yako hapa. Povu linaonekana na watu wanalilalamikia. Mafuta ya mnyororo ndiyo mabaya zaidi, yanatanda juu ya maji na kuacha harufu ndani ya bidoni. Kuwafukuza waoshaji hakusaidii, wanahamia kijito kingine. Kinachosaidia ni kidogo na cha bei ndogo: kuoshea chini ya mahali pa kuchotea wala si juu yake, kuteka maji kwa ndoo na kuoshea nchi kavu hatua kadhaa kutoka ukingoni, na kuchimba shimo lenye mchanga na mawe ambamo maji machafu yanazama kabla ya kurudi kijitoni.

Mafuta ya zamani yaliyotolewa kwenye mashine hayamwagwi kabisa. Yanawekwa kwenye bidoni la peke yake, na bidoni likijaa kuna mtu wa kulinunua: anayejenga anapaka nguzo za nyumba yake upande unaoingia ardhini, ili mchwa asile.