Fizikia ya Uji

Kwa miaka mingi nilisimulia vibaya habari za Erasto Mpemba. Nilizisimulia kila mwaka tulipofika kwenye mada ya joto, na kila mwaka kwa fahari ileile: kwamba palikuwa na mwanafunzi wa Tanganyika, mtu wa kwetu kabisa, aliyegundua kuwa maji ya moto yanaweza kuganda kabla ya maji ya baridi, na leo wanasayansi wa dunia nzima wanaliita jambo hilo kwa jina lake. Wanafunzi walipiga makofi. Mimi nikageukia ubao, tukaendelea na joto fiche.

Sikuwa nikisema uongo. Ila nilikuwa nimemwondoa katika hadithi mtu mmoja, naye ndiye aliyenihusu kuliko wote: mwalimu.

Habari hiyo Mpemba aliiandika mwenyewe, katika jarida la Uingereza liitwalo Physics Education, mwaka 1969. Aliandika pamoja na Dkt. Denis Osborne, aliyekuwa akifundisha fizikia Dar es Salaam wakati chuo chetu kilipokuwa bado tawi la Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Kichwa cha makala ni neno moja tu la Kiingereza, lenye maana ya ubaridi, na mbele yake alama ya kuuliza.

Mambo yalianzia Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto, mwaka 1963. Wavulana wa pale walikuwa wakijitengenezea aiskrimu. Walichemsha maziwa, wakatia sukari, wakayaacha yapoe, ndipo wakayaweka kwenye jokofu. Nafasi ilikuwa haba na waliozitaka trei walikuwa wengi. Siku moja Mpemba alikuwa akichemsha maziwa aliyonunua kwa kina mama wa jirani, mwenzake akaona atakosa nafasi, akachanganya maziwa yake na sukari bila kuyachemsha, akakimbilia jokofu. Mpemba naye akapiga hesabu: akisubiri yapoe, trei ya mwisho itakwenda. Akaamua kulihatarisha jokofu la shule, akayatia maziwa yakiwa ya moto. Baada ya saa moja na nusu walirudi kutazama. Ya Mpemba yalikuwa yameganda. Ya mwenzake yalikuwa bado majimaji mazito.

Napenda sana kwamba chanzo chake ni kugombea trei. Vitabu vyetu vya kiada huanza na lengo la jaribio, kisha vifaa, kisha hatua. Hapa hapakuwa na lengo lolote ila tamaa ya aiskrimu.

Akamuuliza mwalimu wake wa fizikia. Mwalimu akamjibu kuwa amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezi kutokea. Kijana akakubali. Lakini baadaye, likizoni, akakutana mjini Tanga na rafiki yake aliyekuwa akitengeneza na kuuza aiskrimu, naye akamwambia kuwa huingiza mchanganyiko ukiwa wa moto makusudi, kwa sababu huwahi kuganda. Kwa muuza aiskrimu ile haikuwa fizikia. Ilikuwa biashara.

Alipomaliza kidato cha nne alichaguliwa kwenda Mkwawa, Iringa. Mada ya joto ikafika, na kanuni ya Newton ya kupoa, na Mpemba akauliza tena. Jibu likawa lilelile. Alipoendelea kubishana, mwalimu akasema kuwa hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Tangu siku hiyo darasa lilipata msemo. Akikosea hesabu, wenzake husema hiyo hesabu ya Mpemba.

Siku moja alikuta maabara ya baiolojia iko wazi na mwalimu hayupo. Akachukua bika mbili ndogo, moja akaijaza maji ya bomba, nyingine maji ya moto, akaziweka kwenye sehemu ya kugandishia. Baada ya saa moja hazikuwa zimeganda zote, lakini ile iliyoanza na maji ya moto ilikuwa na barafu nyingi zaidi. Kwa hiyo Dkt. Osborne alipokuja shuleni kutoa mhadhara na kukaribisha maswali, Mpemba alikuwa na swali lake: bika mbili, maji kiasi kimoja, moja nyuzi 35 na nyingine nyuzi 100, kwa nini iliyoanza na nyuzi 100 huganda kwanza? Wenzake walimwambia amewaaibisha. Osborne alitabasamu, akamtaka arudie swali, kisha akasema hajui, ila akirudi Dar es Salaam atajaribu.

Na kweli alimpa kazi hiyo fundi wa maabara yake. Fundi akaja kuripoti kuwa ya moto ndiyo yaliyotangulia kuganda, lakini asiwe na wasiwasi, watarudia jaribio mpaka wapate jibu sahihi. Osborne mwenyewe ndiye aliyeandika kisa hicho, nami kila nikikisoma hucheka, kisha huacha kucheka. Fundi yule ni mimi. Ni sisi wote tuliowahi kumwambia mwanafunzi arudie kupima mpaka namba yake ifanane na ya kitabu.

Nimejaribu kumchukia mwalimu yule wa Magamba na nimeshindwa. Mwaka 1963 mitihani ilikuwa bado ikitoka Cambridge. Mwalimu wa fizikia alihesabiwa kwa wangapi wamefaulu, hakuhesabiwa kwa maswali aliyoyaacha wazi. Kanuni ya Newton inasema kitu chenye joto zaidi hupoteza joto kwa kasi zaidi, sawa, lakini ili kifike kwenye nyuzi 0 lazima kipite kwanza pale kilipoanzia kile cha baridi. Kwa hoja hiyo Mpemba alikuwa amekosea, na mwalimu alijibu alivyofundishwa. Kasoro yake ni kwamba jokofu lilikuwepo shuleni na hakwenda kulifungua.

Miaka hiyohiyo kulikuwa na watu waliokuwa wakijaribu njia nyingine. Mwaka 1965 ulianza Mpango wa Sayansi ya Msingi Afrika, chini ya shirika la elimu la Massachusetts, Marekani, na Tanzania, Kenya na Uganda zilikuwemo. Watoto walipewa mchanga, unga wa namna mbalimbali, mbu, na yule mdudu mdogo anayechimba vishimo vya mchanga kutega sisimizi. Hawakupewa majibu. Eleanor Duckworth, aliyetumwa kuutathmini mpango huo nchini Kenya, hakutunga mtihani wa maswali. Alitandaza vifaa mezani, akawaacha watoto wafanye wapendavyo, akaangalia nani ana mawazo mengi ya kufanya navyo. Waliopitia mpango ule walikuwa na mawazo mengi zaidi kuliko wenzao. Hoja yake nyingine ndiyo iliyonigusa: mwalimu hawezi kulea mawazo ya watoto kama yeye mwenyewe hajawahi kukaa na kifaa mkononi akashangaa. Mafunzo ya mwalimu yaanzie hapo.

Nilisoma hayo nikiwa na zaidi ya miaka kumi na tano kazini. Semina nyingi nilizohudhuria kabla ya hapo nakumbuka chai na posho zaidi ya mada. Tulifundishwa kuandika andalio la somo upya, kila baada ya miaka michache kwa jedwali jipya. Kuhusu mbinu shirikishi tulihutubiwa kwa saa mbili mfululizo, sisi tumekaa kimya.

Sasa niseme langu.

Ilikuwa mwaka 2003, kidato cha pili, darasa la wanafunzi sabini na kitu. Nilikuwa nimemaliza kueleza kuwa vitu viwili vyenye joto sawa, vikiwa mahali pamoja, vyombo sawa, hupoa kwa kasi sawa. (Ndivyo nilivyosema. Nilikuwa nimeirahisisha kanuni mpaka nikaivunja.) Msichana mmoja aliyekaa karibu na dirisha akanyoosha mkono, akaanza kuuliza kwa Kiswahili. Nikamkatiza: aulize kwa Kiingereza, hiyo ndiyo lugha ya somo. Akajaribu. Alikwama kwenye neno uji, hakujua Kiingereza chake, akalisema hivyohivyo, uji, katikati ya sentensi ya Kiingereza, na darasa likacheka. Alichotaka kujua ni hiki: asubuhi mama akimimina chai kikombe kimoja na uji kikombe kingine, vyote kutoka motoni, kwa nini chai inanyweka mapema na uji bado unaunguza?

Sikujua. Hilo si kosa. Kosa ni kwamba nilitazama saa, nikaona dakika nane zimebaki na mada haijaisha, nikasema, hiyo sasa ni fizikia ya uji, sisi tunasoma fizikia ya mtihani. Darasa liliangua kicheko. Nami nilicheka. Nilijiona mcheshi.

Mwaka uliofuata walichagua michepuo. Yeye hakuchagua fizikia. Sikuliona jambo hilo wakati ule, maana wasichana wengi hawakuichagua, na kwetu hilo lilikuwa kama mvua kutonyesha Julai.

Makala ya Mpemba niliipata kwenye semina mwaka 2009, nakala iliyofifia. Mwezeshaji alitugawia, akasema tusome kimyakimya, kisha kila mmoja aandike swali moja la mwanafunzi ambalo aliwahi kulizima. Nilifika kwenye maneno ya yule mwalimu kuhusu fizikia ya Mpemba. Nikasoma mara ya pili. Nikaona aibu ambayo ilinifanya nitoke nje nikajisingizie simu.

Muhula ule nilileta darasani chupa mbili za chai, moja ina chai, nyingine ina uji wa dona, vikombe viwili vya bati na vipimajoto viwili, karibu vyote tulivyokuwa navyo. Nilidhani ni jambo la dakika arobaini. Ilichukua vipindi vitatu, kwa sababu wanafunzi waligombana kuhusu kipimajoto kikae wapi. Juu ya uji kulikuwa na utando uliopoa upesi, katikati palikuwa bado pa moto. Ndani ya chai, juu na chini havikutofautiana sana. Mvulana mmoja ambaye hakuwahi kusema kitu akasema chai inajikoroga yenyewe, uji hauwezi. Ndiyo myuko huo: majimaji mepesi huzunguka, ya moto yakapanda juu kutoa joto, mazito hubaki yalipo. Osborne naye, katika ile makala, alikuta kuwa joto jingi la bika zake lilitokea juu, usoni mwa maji. Maji yaliyoanza na nyuzi 25 ndiyo yaliyochelewa zaidi kuanza kuganda. Yaliyoanza karibu na nyuzi 90 yaliwahi sana.

Hata hivyo suala la Mpemba halijaisha. Mwaka 2012 jumuiya ya wakemia ya Uingereza iliweka zawadi kwa atakayetoa maelezo bora, wakajitokeza zaidi ya watu elfu ishirini. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walitoa utafiti unaosema hawakupata ushahidi wa kuaminika kuwa athari hiyo ipo, na kwamba kusogeza kipimajoto kwa sentimita moja tu kunatosha kukudanganya. Huenda basi mwalimu wa Magamba alikuwa sahihi. Nilipowaeleza hivyo wanafunzi wangu walisikitika, kana kwamba tumenyang'anywa kombe. Mimi sikusikitika. Nilikumbuka ugomvi wetu wa vipimajoto.

Mkwawa, alikochekwa, tangu 2005 ni chuo kikuu kishiriki cha elimu. Walimu wa sayansi wanafundwa hapohapo.

Yule msichana nilikutana naye tena mwaka 2017, stendi ya mabasi. Ana duka la pembejeo. Yeye ndiye aliyenitambua.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Nikamtazama, nikamkumbuka na dirisha lake. Nikamwambia kuna swali aliwahi kuniuliza la uji na chai, na kwamba nilimjibu vibaya, namwomba radhi.

"Swali silikumbuki, Mwalimu," alisema. "Nakumbuka waliniita Uji mpaka namaliza shule." Hakusema kwa hasira. Alikuwa akipanga mifuko ya mbegu huku akiongea. Kisha akauliza, "Kwani jibu lake ni nini?"

Nilimweleza habari za vikombe vya bati, utando, myuko, chai inayojikoroga. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na vikombe mlivifunika?"

Hatukuvifunika.

"Sasa huo mvuke wa chai mlijuaje kama siyo uliobeba joto?"