Baiskeli ya Mizigo ya Rufiji na Kibiti

Baiskeli ya mizigo ni baiskeli ya chuma yenye magurudumu ya inchi 28, gia moja na keria ya nyuma, ambayo hutoka kiwandani ikiwa nyeusi na kukamilishwa na fundi wa mtaani. Katika wilaya za Rufiji na Kibiti, mkoani Pwani, imebeba nazi, korosho, mkaa, mikeka ya ukindu na kambale wakavu tangu zamani, kabla ya pikipiki kuenea. Kabla ya Daraja la Mkapa, lenye urefu wa mita 970 juu ya Mto Rufiji, kufunguliwa mwaka 2003, mwendesha baiskeli aliyetoka Ikwiriri kwenda kusini alisubiri kivuko pale Ndundu kama walivyosubiri wenye magari.

Umbo lake ni la Kiingereza. Raleigh ya Nottingham ililisambaza katika makoloni, kisha zikaja Phoenix za Shanghai na Hero na Avon za Ludhiana, India. Uzito wake ni kama kilo 20. Gurudumu la mbele lina spoki 32 na la nyuma 40, kwa kuwa mzigo hukaa nyuma. Breki hazina waya. Fimbo za chuma huvuta vipande vya mpira vikabana ringi kwa ndani, na mvua ikinyesha hubana kwa shida. Kwa mpangilio wa meno 44 mbele na 18 nyuma, mzunguko mmoja wa pedeli huisogeza baiskeli karibu mita 5.4.

Tuiweke kando ya baiskeli ya mwanamichezo wa triathloni, anayeogelea kilomita 3.8, kuendesha kilomita 180 na kumalizia na mbio za kilomita 42.2 katika shindano la Ironman. Ya kwake ni ya nyuzi za kaboni, haifiki nusu ya uzito huo, na ikiwa na meno 54 mbele na 11 nyuma husonga zaidi ya mita 10 kwa mzunguko mmoja. Usukani wake una mikono miwili inayotazama mbele ili mpandaji alaze viwiko na kuukwepa upepo. Fremu hupakwa rangi aliyoichagua mwenyewe. Adui wa huyo ni upepo. Adui wa mbeba mkaa wa Bungu, wilayani Kibiti, ni mchanga na uzito, na kila anachokiongeza kwenye baiskeli yake kinajibu hayo mawili. Kwa maoni yangu zote mbili ni baiskeli zilizotengenezwa kwa kipimo cha mtu na kazi yake, na ya Bungu inastahili kuangaliwa kwa umakini uleule.

Fundi huanza na keria. Ile ya kiwandani haihimili magunia, hivyo huondolewa, na nyingine ya nondo huchomelewa mpaka kwenye ekseli ya nyuma. Mzigo hufungwa kwa mipira iliyokatwa kutoka tyubu kuukuu, ambayo hunyooka na kurudi bila kukatika njia ikiwa na mashimo. Mti wenye panda huchukua nafasi ya stendi; mwenye baiskeli huutega chini ya tandiko anapopumzika. Gurudumu likipinda, fundi huigeuza baiskeli miguu juu, hulizungusha taratibu huku ameweka ncha ya kidole gumba karibu na ringi, na pale ringi inapogusa ukucha hukaza spoki ya upande wa pili, robo mzunguko tu, kisha husikiliza tena.

Rangi nayo ina kazi yake. Hewa ya delta ya Rufiji ina chumvi, na chuma kilichokwanguka hushika kutu upesi. Ndiyo maana wengi huzungushia fremu utepe wa plastiki wenye rangi, nyekundu na njano zikipishana, au hupaka rangi ya mafuta ile ya milango. Juu ya madigadi huandikwa jina au msemo, kama kwenye kanga. Urembo huo humsaidia mwenyewe kuitambua baiskeli yake gulioni penye baiskeli kadhaa zinazofanana.

Ndani ya delta yenyewe, penye msitu mkubwa kuliko yote ya mikoko Afrika Mashariki, baiskeli hushindwa. Mikono ya mto na tope ni njia za mtumbwi. Baiskeli hufika bandari ya Nyamisati, hupakiwa chomboni, na hushushwa kwenye kisiwa chenye njia kavu. Siku ikiloweshwa na maji ya chumvi, ioshwe kwa maji baridi na goroli zipakwe grisi jioni hiyohiyo.

Anayetaka kununua iliyotumika asidanganywe na utepe mpya. Aufungue pale chini, panapokutana mabomba ya fremu na ekseli ya pedeli, agonge kwa spana: chuma kizima hulia, kilicholiwa na kutu hutoa sauti ya kopo.