Raia, Tajnisi na Ndoa: Maneno na Sheria Kando ya Ziwa Viktoria

Huko Kiseke, katika Wilaya ya Ilemela jijini Mwanza, si ajabu kukuta nyumba moja yenye watu wa nchi mbili. Mapatano ya Waingereza na Wadachi ya mwaka 1890 yalipitisha mpaka majini, katika nyuzi 1 kusini mwa Ikweta. Lakini watu wa kando ya ziwa hawakuacha kuvuka, kufanya biashara wala kuoana. Katika makala haya nataka kuchungua maneno machache tuyatumiayo katika habari ya uraia, na kuonyesha jinsi yafungamanavyo na sheria.

Neno raia tumelipata katika Kiarabu, na shina lake lina maana ya kuchunga. Hapo kale raia alikuwa mwenye kuchungwa, yaani mtu aliye chini ya mtawala. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, neno lilibaki lile lile, ila maana iligeuka: mchungwa akawa mwenye nchi. Mwezi Oktoba mwaka ule, Bunge lilipojadili msingi wa uraia, Waziri Mkuu Julius Nyerere alikataa katakata kwamba rangi iwe kipimo. Yafaa msomaji aangalie kuwa yeye mwenyewe alitumia mfano wa ndoa: alionya juu ya kuuachisha uraia na utiifu na kuuoza kwa rangi.

Neno la pili ni tajnisi. Nalo ni la Kiarabu, tena ni ndugu wa jinsi na jinsia, kwani yote yatoka katika shina lenye maana ya aina. Udugu huo wa maneno waonekana pia katika sheria. Kwa Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, mwanamke mgeni aliyeolewa na raia ana haki ya kuomba tajnisi wakati wowote mumewe akiwa hai. Mwanamume mgeni aliyeoa raia hana njia hiyo. Yampasa afuate njia ya wageni wote: awe amekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo awe amekaa jumla ya miaka isiyopungua 7, awe na tabia njema, na ajue Kiswahili au Kiingereza.

Sababu yake twaweza kuiona katika vitenzi vyetu. Mwanamume huoa; mwanamke huolewa. Aolewaye hudhaniwa kuwa ndiye ahamaye, naye aoaye hudhaniwa yuko kwao. Sheria nayo yamwazia mke kuwa mfuasi wa mume.

Mama mmoja wa Kiseke aliniuliza jambo ambalo sarufi peke yake haiwezi kulijibu. Mumewe, mtu wa Kenya, alikuwa angali akingoja kibali cha ukaazi. Wifi yake, aliyetoka Kenya nyuma ya mume huyo, alikuwa amekwisha peleka ombi la uraia. Je, mume naye asiombe kwa ajili ya ndoa? Ilinibidi nimweleze kuwa ndoa haimpunguzii mumewe hata mwaka mmoja, na kwamba ombi la uraia, liwe la mume au la mke, halishiki mahali pa kibali. Kila karatasi ina kazi yake. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Basi mimi uraia wangu haufiki nyumbani.”

Ng’ambo ya mpaka mambo yamebadilika. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yampa haki ya kuomba uraia mtu yeyote aliyekaa katika ndoa na raia kwa miaka isiyopungua 7, bila kuuliza kama ameoa au ameolewa. Lugha yetu nayo haikosi neno la kutufikisha huko: tuna mwenzi, lisilobagua mume wala mke. Kama raia si mchungwa tena bali ni mwenye nchi, hapana budi tuulize kwa nini mwanamke raia awe na sehemu pungufu ya nchi hiyo katika nyumba yake mwenyewe.