Mabawabu wa Chungu: Nani Huchagua Chakula Taita Taveta?

Katika hoteli ndogo zilizo karibu na stendi ya magari mjini Voi, mteja wa kila siku haulizi kuna nini, kwa maana anajua. Asubuhi ni chai ya maziwa na mahamri au chapati. Mchana ni sima au wali, na kando yake maharagwe, ndengu, sukuma wiki, au nyama kidogo mfuko ukiruhusu. Kimanga, chakula ambacho Mtaita atakutajia mara moja ukimuuliza kwao wanakula nini, mara nyingi hakimo. Hiki ni mihogo au viazi vitamu vilivyopondwa pamoja na maharagwe, na makao yake ni nyumbani na kwenye shughuli. Mtafiti wa ulaji akiingia hotelini humo na karatasi zake, atarudi na jedwali linaloonyesha kwamba watu wa Voi wanapendelea sima. Makala haya yanapinga kitenzi hicho.

Hojaji inayotumika sana katika taaluma hii ilitungwa Uingereza na Andrew Steptoe, Tessa Pollard na Jane Wardle, na ikachapishwa mwaka 1995. Ina kauli 36 ambazo mhojiwa huzipima kwa uzito ilio nao kila moja katika ulaji wake wa siku ya kawaida, na kauli hizo hukusanywa katika sababu tisa: afya, hali ya moyo, urahisi wa kupata na kupika, mvuto wa ladha na sura, uasilia wa chakula, bei, uzito wa mwili, mazoea na maadili. Ni kazi ya uangalifu, na si haki kuibeza. Humo mna kauli zinazouliza kama chakula kinapatikana katika maduka ya karibu, na nyingine inayouliza kama kinafanana na kile mtu alichokula utotoni. Lakini mlaji anayedhaniwa ni mtu aliyesimama mbele ya rafu iliyojaa, akipima moyoni achukue hiki au kile. Mkulima wa Sagalla hasimami mbele ya rafu. Anasimama mbele ya shamba ambalo jana usiku lilikuwa na mahindi.

Nusu karne kabla ya hojaji hiyo, mwanasaikolojia Kurt Lewin aliliweka swali mahali panapofaa zaidi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Marekani ilikuwa na Kamati ya Mazoea ya Ulaji, ambayo katibu wake mtendaji alikuwa mwanaanthropolojia Margaret Mead. Lewin alitumwa kuchunguza ni nini huwafanya watu wabadili chakula. Jibu lake la mwaka 1943 lilikuwa kwamba chakula hupita njia kabla ya kufika mezani, kila njia ina milango, na kila mlango una bawabu. Kikishafika mezani, kwa kawaida huliwa na mtu fulani wa nyumba hiyo. Kwa hiyo anayetaka kuelewa mlo ajue kwanza ni njia zipi zimefunguliwa na nani anashika ufunguo. Bawabu wa Lewin alikuwa mke wa nyumbani huko Iowa. Nikilichukua wazo lake mpaka Taita Taveta, nalazimika kuwaongeza mabawabu ambao yeye hakuwahi kuwafikiria, na wa kwanza ana mkonga.

Zaidi ya nusu ya kaunti hii, kwa hesabu inayotajwa kwa kawaida asilimia 62, imo ndani ya hifadhi za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, zilizoanzishwa kama hifadhi moja mwaka 1948. Sensa ya wanyamapori ya mwaka 2021 ilihesabu karibu tembo 15,000 katika eneo la ikolojia la Tsavo. Tembo huyu ni mlaji mwenye ladha yake. Mahindi yanapokomaa huyajua kabla ya mwenye shamba, na tikiti maji na ndizi hazimpiti. Familia inaweza kulima msimu mzima, mvua ikaja, palizi ikafanywa, kisha ikavuna mabua. Sheria ya uhifadhi wa wanyamapori ya mwaka 2013 inataja fidia kwa mazao yaliyoharibiwa. Lakini hata fidia inayolipwa huja kama fedha, na fedha hiyo ikifika Voi hununua unga wa pakiti. Kunde za shambani, majani yake yaliyokuwa mboga na maboga yaliyotambaa katikati ya mahindi havifidiwi mezani. Mlo umebadilika kutoka vitu kadhaa hadi kimoja, na hakuna aliyebadili anachokipenda.

Utafiti wa Lucy King huko Sagalla unafaa kusomwa na wataalamu wa lishe, ingawa wengi wao huuona kuwa ni wa wahifadhi tu. Yeye na wenzake wa shirika la Save the Elephants waligundua kwamba tembo huogopa nyuki, wakatengeneza ua wa mizinga iliyotundikwa na kuunganishwa kwa waya. Tembo akiusukuma waya, mizinga inatikisika, nyuki wanatoka, naye anageuka. Pamoja na ua huo, wakulima wamehimizwa kupanda mazao ambayo tembo hayatamani sana, kama vile alizeti na ufuta. Tuliangalie jambo hili kwa jicho la mlo: zao linaingia shambani kwa sababu mnyama hakulipenda. Mafuta ya alizeti yatakayokaangia mboga ya familia hiyo mwakani yamechaguliwa na ulimi usio wa binadamu. Sijui hojaji gani ina kisanduku cha kuweka alama hapo.

Hifadhi ilifunga pia mlango mwingine. Kabla ya mipaka hiyo, nyama ya porini ilikuwa kitoweo cha halali katika nyika za Voi na Kasighau, na jirani zao Waata walijulikana kwa uwindaji wa mishale ya sumu. Kenya ilipopiga marufuku uwindaji mwaka 1977, kazi iliyoanzwa na sheria za kikoloni ilikamilika: kitoweo kikawa kosa la jinai. Siwatetei majangili. Ninasema tu kwamba tukipima leo ulaji wa nyama katika vijiji hivyo, tunapima pia historia ya sheria.

Sasa nirudi kwenye sima, kwa sababu ndiyo inayoonekana kuwa chaguo la wazi kabisa. Vilima vya Taita vilikula mtama, uwele, wimbi, mihogo, viazi vitamu, ndizi na aina nyingi za kunde na maharagwe. Mahindi yalikuwapo, lakini hayakuwa mfalme. Kupanda kwake cheo kuna njia kadhaa, na iliyo wazi zaidi hapa ni mkonge. Mashamba ya Mwatate, Voi na Taveta yalihitaji vibarua wengi, na katika utaratibu wa kazi wa wakati wa ukoloni sehemu ya malipo ya kibarua ilikuwa chakula cha kupimiwa. Chakula hicho kiliitwa posho. Kwa mwajiri, unga wa mahindi ulikuwa rahisi kununua kwa magunia, kusafirisha kwa reli na kupima kwa kibaba. Lugha imehifadhi ushahidi: kinu cha kusagia mahindi Kenya bado ni kinu cha posho, na ukivuka mpaka kuingia Uganda, ugali wenyewe ndio posho. Neno lililomaanisha mgawo wa mwajiri limekuwa jina la chakula cha watu.

Mtoto aliyekulia katika kambi ya mkonge alikula posho. Akiwa mtu mzima, atakapoulizwa kama anapenda chakula kinachofanana na cha utotoni, atajibu ndiyo, naye mtafiti ataandika «mazoea». Jibu ni la kweli. Lakini mazoea hayo yana mwandishi, na huyo si mtoto wala mama yake. Mwanaanthropolojia Audrey Richards alionyesha jambo la aina hii kwa Wabemba wa Zambia ya leo katika kitabu chake cha mwaka 1939 kuhusu ardhi, kazi na chakula: ajira ya wanaume migodini ilifika mpaka ndani ya ghala la mke aliyebaki kijijini.

Wapo watakaosema mtama na uwele vimeachwa kwa sababu vijana wanaona ni chakula cha kimaskini. Dharau hiyo ipo, nami nimeisikia. Ila mtama unataka mtu wa kuwafukuza ndege tangu alfajiri, na kwa vizazi vingi kazi hiyo ilikuwa ya watoto, ambao siku hizi wako darasani, nako ndiko wanakostahili kuwa. Unataka pia kutwangwa na kupepetwa, kazi ambayo mama anayeuza nyanya sokoni tangu asubuhi hana saa za kuifanya. Jina la sukuma wiki linasema mambo yale yale waziwazi: halisifu utamu wa mboga, linahesabu siku zilizobaki kabla ya mshahara.

Serikali nayo ni bawabu. Mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo kati ya mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2023. Katikati ya ukame huo, Julai 2022, wiki chache kabla ya uchaguzi mkuu, bei ya pakiti ya kilo mbili ya unga wa mahindi ilishushwa kwa ruzuku kutoka shilingi 205 hadi 100. Unga wa mtama na wa muhogo haukupata ruzuku hiyo. Voi hupata mvua ya milimita kati ya 500 na 600 kwa mwaka, kiasi ambacho mtama hukivumilia na mahindi mengi huyashinda, lakini fedha za umma zilipotoka zilisimama upande wa mahindi.

Hapa mpinzani wangu ana haki ya kuuliza: basi mlaji ni gogo linalosukumwa na tembo, mwajiri na waziri? Sivyo, na ushahidi bora unatoka papa hapa. Mwaka 1957, mwanaanthropolojia Grace Harris, aliyefanya utafiti Taita mwanzoni mwa miaka ya hamsini, alichapisha makala kuhusu saka, hali ya kupagawa iliyowapata hasa wanawake walioolewa. Mwanamke alitetemeka, akapoteza fahamu, na tiba ikadai apewe vitu alivyovitamani, vikiwamo sukari na ndizi. Harris aliihusisha hali hiyo na nafasi ya wanawake katika jamii ambapo ardhi, mifugo na fedha za mshahara vilikuwa mikononi mwa wanaume. Mimi naisoma saka kama utafiti wa ulaji, ingawa mwandishi hakuupa jina hilo. Tamaa ya sukari ilikuwa kweli tamaa, iliyosikika mwilini. Papo hapo ilikuwa dai juu ya mkoba ambao mwanamke hakuushika. Ladha na mlango vilikutana katika mwili mmoja, na kuvitenganisha katika safu mbili za jedwali ni kupoteza jambo lenyewe.

Harris huyo huyo, katika kitabu chake cha 1978 kuhusu dini ya Wataita, alieleza kutasa: mtu kuchukua funda la pombe ya miwa au maji ya muwa, kulitema kwa mnyunyizo na kutamka maneno ya heri ili kuondoa hasira moyoni. Kwa maoni yangu, ibada hiyo ilikuwa sababu ya kutosha ya muwa kulindiwa kipande chake cha bonde hata kama hesabu ya soko ilisema vingine. Imani pia hushika ufunguo.

Ardhi yenyewe imegawa meza. Wundanyi na Werugha zina mvua na mifereji ya kunyweshea mashamba, na mboga zao husafiri hadi Mombasa. Taveta ina chemchemi zinazolishwa na Kilimanjaro, hivyo ina ndizi. Nyanda za Voi na Kasighau hungoja mawingu. Zamani ukoo ulijitahidi kuwa na shamba juu na chini, ili upande mmoja ukikosa mwingine uokoe. Anne na Patrick Fleuret, katika makala yao ya 1991, waliunganisha mpangilio wa jamii, usimamizi wa rasilimali na lishe ya watoto wa vilima hivi. Nashangaa kazi hiyo haitajwi zaidi katika mijadala ya lishe ya kaunti.

Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulikuta asilimia 94 ya watu wazima nchini hawafikishi vipimo vitano vya matunda na mboga kwa siku. Jibu la kawaida ni somo: mama aketishwe kliniki, aelezwe makundi ya vyakula. Lewin alilipima jibu la aina hiyo. Wanawake waliohutubiwa kuhusu faida ya kupika moyo na figo za ng'ombe, ni asilimia 3 tu waliozipika. Kati ya waliokaa pamoja, wakajadili vikwazo vyao na kufikia uamuzi wa kikundi, waliozipika walikuwa asilimia 32. Vyama vya akina mama vimejaa Voi, Mwatate na Taveta, na vinajua vikwazo hivyo kwa majina: maji, kuni, tembo, bei ya mbegu, saa za kazi. Hata mafanikio ya kurudisha vyakula vya kienyeji Kenya, ambayo UNESCO iliyatambua mwaka 2021 na ambayo yanadaiwa mengi na kazi ya mtafiti Patrick Maundu, yalishughulikia mbegu, mapishi na soko, wala hayakuishia kwenye mahubiri.

Ombi langu ni kwa Chuo Kikuu cha Taita Taveta, kilicho jirani na mambo haya yote: kabla hamjatafsiri hojaji nyingine ya kigeni, chukueni chakula kimoja, tuseme kunde za Sagalla, mkifuate kutoka mbegu hadi sahani kwa misimu miwili, na kila kinapokwama mwandike jina la bawabu aliyekizuia. Katiba ya 2010, ibara ya 43, inampa kila mtu haki ya chakula cha kutosha na cha ubora unaokubalika. Orodha hiyo ya mabawabu ndiyo itakayotuonyesha haki hiyo inakwama mlango gani.